UZI: Kazi ya injinia anayetafiti vifaa vya ujenzi rafiki kwa mazingira, kuanzia maabara mpaka saiti

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha sana, ila nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja inboksi swali lile lile, "injinia wewe unafanya kazi gani hasa, mbona saiti hatukuoni?" Mimi ni injinia wa ujenzi, nilisimamia saiti miaka miwili ya mwanzo halafu nikahamia kwenye utafiti wa vifaa, na huko ndiko niliko mpaka leo, mwaka wa 11 huu. Naipenda hii kazi kuliko ninavyoweza kueleza, na kinachoniuma ni kuona vijana wenye uwezo wanaipita tu kwa sababu hakuna aliyewaeleza ndani yake kuna nini.

Tuanze na saruji, maana ndio chanzo cha yote. Dunia inatengeneza kama tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka na hiyo peke yake inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi wakisikia hivyo wanadhani shida ni moshi wa tanuri, yaani ukibadilisha makaa ya mawe ukaweka umeme wa jua basi imeisha. Haijaisha hata nusu. Chukua kilo 100 za mawe safi ya chokaa, yachome mpaka yageuke, ukipima tena unakuta kilo 56. Zile 44 zimeondoka kama hewa ya ukaa na zimetoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama moto wako ungekuwa msafi kiasi gani. Baada ya hapo ndio unaendelea kupandisha joto mpaka nyuzi 1450 hivi upate klinka, zile punje nyeusi nyeusi ngumu ambazo zikisagwa na jasi kidogo ndio saruji yenyewe.

Kwa hiyo sisi tunaotafiti saruji kazi yetu kubwa ukiikamua inabaki hii: punguza klinka bila kumdanganya mtu atakayelala ndani ya hilo jengo. Wazo lenyewe ni la zamani. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824 na Joseph Aspdin kule Uingereza, lakini Warumi walishachanganya chokaa na majivu ya volkano zamani sana, na kuba la Pantheon pale Roma lenye upana wa mita 43 bila nondo hata moja bado limesimama, karibu miaka 1900 sasa.

Sasa siku yangu ikoje. Asubuhi nakausha malighafi, nachekecha, napima kwa gramu, nachanganya, nacheki slampu (yaani ulaini wa zege bichi), najaza kyubu, vile vipande vya zege vya majaribio vya milimita 150 kila upande, nazitikisa hewa itoke. Kesho yake nazifungua, naziandika namba, naziweka kwenye tenki la maji, halafu nasubiri. Siku ya 7 navunja 3 kwa mashine kupima nguvu, ya 28 navunja 3, ya 90 navunja 3. Katikati ya hapo ndio kuna kusoma pepa za wenzako, kuandika zako, takwimu, kuomba pesa za utafiti, kufundisha. Na vaeni glovu jamani, zege bichi linaunguza ngozi polepole, husikii chochote mpaka jioni mikono inaanza kupasuka. Barakoa pia, vumbi la silika (madini ya mchanga) likishaingia kwenye mapafu halitoki.

Niwape kisa kilichonibadilisha. Nikiwa masta nilikuwa nafanyia kazi majivu ya pumba za mpunga. Pumba zikichomwa vizuri majivu yake yana silika nyingi sana, asilimia 85 na zaidi, na silika hiyo inashikana na chokaa iliyobaki kwenye saruji inayokomaa na kutengeneza gundi ile ile inayobeba zege. Mkupuo wa kwanza ulitoka safi ajabu, niliondoa asilimia 15 ya saruji nikaweka majivu na kyubu zikazidi hata zile za saruji tupu. Nikafurahi, nikaanza kuandika pepa kichwani. Viroba vikaisha, nikaagiza vingine kwa yule yule aliyeniletea, nikarudia vipimo vile vile na kyubu zikavunjika kama biskuti. Nikadhani nimekosea mizani. Nikarudia tena, yale yale.

Wiki 3 nilikuwa silali vizuri. Mwishowe msimamizi wangu akaniambia weka kiganja kimoja cha kila mkupuo kwenye karatasi nyeupe dirishani. Nikaviweka. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu laini, cha pili cheupe kina kama uwaridi kwa mbali. Tukapeleka kwenye mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa madini, wa kwanza grafu yake ikatoa kilima kimoja kipana kama mgongo wa ng'ombe, wa pili ukatoa vilele vyembamba vimesimama kama miiba. Kilima kipana maana yake silika haijajipanga, iko tayari kushikana na chokaa. Miiba maana yake joto lilizidi, silika ikajipanga ikawa fuwele na haishikani na kitu, umeweka mchanga mwembamba tu. Yule mchomaji safari ya pili alikuwa na haraka, akaweka rundo kubwa likawaka kwa nguvu. Pumba zile zile, mtu yule yule, ila moto tofauti.

Hapo ndio nilielewa kazi yangu ni nini. Kyubu moja kali ya kupigia picha hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuipata kwa bahati. Kazi ni kufanya mkupuo wa mia utoke kama wa kwanza, ukichomwa na mtu ambaye hajawahi kukuona.

Karibuni maswali, nitajibu ninayoyajua.

#2

Shikamoo mkuu. Mimi niko mwaka wa 3 sivil, hii kitu imenigusa sana. Nianzie wapi, na je lazima nifike PhD?

#3 (mleta uzi)

Marahaba. Kwanza usisubiri kumaliza. Kama chuo kwenu kuna maabara ya zege nenda kaombe kusaidia bure hata masaa mawili kwa wiki, fundi sanifu wa maabara ndiye mwalimu wako wa kwanza, na anajua vitu ambavyo profesa kashasahau, kama vile kyubu iliyobanwa upande wa juu uliosawazishwa kwa mwiko wakati wa kujaza inatoa namba ya uongo. Bana pande zilizogusana na chuma cha mold.

Pili, usiiogope kemia. Wengi tuliingia uinjinia tukiikimbia, halafu inakuja kukusubiri hapa. Elewa vizuri maji yakikutana na saruji kinatokea nini saa ya kwanza, siku ya kwanza, mwezi wa kwanza. Rudi pia kwa Duff Abrams wa mwaka 1918, aliyeonyesha kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaamua nguvu ya zege. Zaidi ya karne imepita na bado kila siku kuna mtu anaongeza ndoo ya maji ili zege limwagike kirahisi.

Tatu, takwimu. Jifunze kutumia lugha za kompyuta kama Python au R. Hii naisema kwa uchungu kwa sababu nimesoma pepa nyingi sana ambapo mtu kavunja kyubu 3, akachukua wastani, akatangaza kifaa chake kimezidi kwa asilimia 4, wakati kyubu zenyewe zinapishana kwa asilimia 10. Huyo hajagundua kitu, ila pepa imeshachapishwa na mwingine anaijengea juu yake.

Kuhusu PhD inategemea. Ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe chuoni au kwenye taasisi, ndiyo utaihitaji. Ukitaka maabara ya kiwanda cha saruji, kampuni za kemikali za zege au ushauri wa hesabu za kaboni, masta nzuri yenye kazi ya mikono inatosha. Nakushauri tu ukimaliza digrii kafanye saiti kwanza, mwaka mmoja au miwili. Mtafiti ambaye hajawahi kusimama kwenye jua akisubiri lori la zege lililochelewa atakuja kubuni mchanganyiko unaoganda ndani ya dakika 40 na ataona amefanya jambo la maana.

#4

Mkuu bila kukukwaza, mimi ni mkandarasi wa miaka mingi. Hizi saruji zenu za udongo na majivu zinachelewa kukomaa, mimi nataka nitoe mbao siku zilizopangwa nihamie floo ya juu, kila siku ninayosubiri nalipa watu wamekaa. Na zege likipasuka baada ya miaka 10 anayetafutwa ni mimi, wewe pepa yako imeshasomwa.

#5 (mleta uzi)

Mkuu hujanikwaza, umesema kitu ambacho kila mtafiti angetakiwa akibandike ukutani kwake.

Kuhusu kuchelewa uko sahihi kwa baadhi. Majivu ya makaa ya mawe na slagi, yaani mabaki ya tanuri za chuma, kweli zinakomaa polepole, siku ya 7 zinaonekana dhaifu halafu siku ya 90 zinalipita zege la kawaida. Kwa msingi mnene au bwawa hiyo ni faida maana hata joto la ndani linapungua na nyufa za joto zinapungua. Kwa slabu ya ghorofa unayotaka kuihama haraka, kwa kweli ni kero. Hapo ndipo udongo uliochomwa unaponivutia. Kuna mchanganyiko unaitwa LC3, timu ya profesa Karen Scrivener pale chuo kikuu cha EPFL Uswisi ndiyo imeusukuma sana, klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, unga wa mawe ya chokaa mabichi 15, jasi 5. Udongo unachomwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na unapochomwa kinachotoka ndani yake ni mvuke wa maji, kwa hiyo hewa ya ukaa ya saruji nzima inapungua kwa hadi karibu asilimia 40. Ukipata udongo wenye kaolini (aina ya madini ya udongo) kama asilimia 40 kwenda juu, kuanzia siku ya 7 nguvu yake inakaribiana na saruji ya kawaida. Siku ya kwanza na ya pili bado iko nyuma kidogo, hilo silifichi, na chembe za udongo zinakunywa maji kwa hiyo utahitaji kemikali ya kulainisha zaidi. Maji usiongeze tafadhali.

Na hiyo hofu yako ya miaka 10 ni halali kuliko zote. Nondo ndani ya zege haipati kutu kwa sababu zege lina ualkali mkali. Hewa ya ukaa ya nje inaingia taratibu na kuula huo ualkali, ikifika kwenye nondo kutu inaanza, nondo inavimba, zege linapasuka. Sasa saruji zetu zenye klinka kidogo zina akiba ndogo ya chokaa, kwa hiyo hewa hiyo mara nyingi inapenya haraka zaidi. Kwa upande mwingine, kwenye chumvi ya bahari zinafanya vizuri sana kwa sababu vitundu vyake ni vidogo na chumvi inakwama. Kwa hiyo mtu akikuuliza "kifaa hiki kinadumu?" muulize kwanza, kinadumu wapi?

Kipimo chake unaweza kukiona kwa macho. Unapasua kipande, hapo hapo kabla uso mpya haujazoea hewa unapulizia fenolfthalini, maji hayo hayana rangi kabisa. Ndani kunageuka waridi iliyokolea inayokaribia zambarau, pembeni kunabaki na rangi ile ile ya kijivu. Mpaka kati ya waridi na kijivu unaupima kwa rula. Mimi kila nikipulizia moyo unadunda, kwa sababu huo mstari ndio unaniambia kama nondo ya mtu itakuwa salama au la. Kama ni milimita 4 na nondo iko milimita 30, tunaongea. Kama mstari umeshafika 15 kwa muda mfupi, hiyo kazi narudi nayo mezani, hata kama nguvu ilikuwa nzuri namna gani.

Na kyubu zilizoshindwa tuziandike pia jamani. Nina daftari zima la michanganyiko iliyokufa na linanisaidia kuliko pepa zangu zote.

#6

Mimi ni binti wa kemia sio injinia, kuna nafasi humu au ndio mtatuambia tukaongeze sivil?

#7 (mleta uzi)

Dada karibu sana, tunakuhitaji kuliko unavyodhani. Wewe ile grafu ya miiba na kilima ungeisoma kwa dakika 5, mimi ilinichukua wiki 3 za kukosa usingizi. Sivil ya digrii nzima huhitaji, unachohitaji ni kukaa na injinia mkaelewana lugha, kwamba yeye akisema "nguvu" anamaanisha megapaskali chini ya mashine. Jifunze pia viwango vya vipimo. Kwa mfano kuna kiwango cha ASTM (shirika la viwango lenye asili ya Marekani) namba C1897 kinachopima kama udongo au majivu yako yanashikana na chokaa, ndani ya siku chache tu, kabla hujapoteza miezi 3 kuvunja kyubu. Kwa mkemia huo ni mlango wazi kabisa.

#8

Vipi kuhusu zege linalojiponya kwa bakteria, uyoga wa kutengeneza tofali, mianzi badala ya nondo? Huko mtandaoni kila siku naona wanasema saruji imekwisha.

#9 (mleta uzi)

Nitapita haraka haraka kwa kila kimoja. Bakteria ni sayansi ya kweli, Henk Jonkers pale chuo kikuu cha Delft Uholanzi amefanya kazi kubwa, ufa mwembamba ukiingiza maji bakteria wanaamka wanatengeneza chokaa inayouziba. Gharama yake naiona inafaa kwenye matangi na mahandaki, sehemu ambazo kurekebisha ni shida. Uyoga unafaa kuzuia joto na sauti, kubeba mzigo wa ghorofa hapana. Mianzi naiheshimu sana, ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 22156, kilichotoka mwaka 2004 na kufanyiwa mapitio 2021, ila itumie kama mwanzi, yaani nguzo na paa, iwe imelowekwa kwenye boraksi na asidi ya boriki maana wanga wake unaita wadudu, na iwe mbali na unyevu. Kuifukia kwenye zege iwe nondo mimi siungi mkono, inanyonya maji, inavimba, ikikauka inasinyaa na kuachia zege. Kokoto za zege lililobomolewa zinafaa, zina ganda la saruji ya zamani linalokunywa maji, zilowekwe kabla.

Kuna jambo moja nataka wanaochagua mada ya utafiti walisikie vizuri. Kabla hujaipenda malighafi, uliza itakuwepo baada ya miaka 20? Majivu ya makaa ya mawe yameandikiwa pepa nyingi mno, lakini mitambo ya makaa inafungwa sehemu nyingi. Slagi inatoka tanuri za chuma za kizamani, na viwanda vya chuma vinahamia tanuri za umeme. Udongo wenye kaolini na mawe ya chokaa vipo vingi duniani, ndio maana mimi nimekaa huko.

Halafu hesabu ya kaboni ifanyeni kwa uaminifu, viwango vya kimataifa ISO 14040 na 14044 vinaeleza namna. Ukilinganisha kilo kwa kilo unajidanganya, linganisha jengo na jengo kwa miaka ile ile. Nimewahi kupiga hesabu ya mchanganyiko wangu mwenyewe nikakuta usafiri wa lori kutoka mbali umekula sehemu kubwa ya nilichookoa, iliniuma ila niliiandika hivyo hivyo. Na wakati mwingine suluhisho bora halina kifaa kipya kabisa, msanifu akipunguza unene wa slabu uliozidi bila sababu anaokoa zaidi ya mwaka wangu mzima wa maabara.

#10

Mkuu, mimi wa #4 nimerudi. Nakubali hoja ila nauliza, nikitaka kutumia hizo saruji na kwenye mkataba kumeandikwa saruji ya kawaida, nafanyaje?

#11 (mleta uzi)

Hapo ndipo kazi yetu nyingi inapokwama, na ndio sehemu ya hii fani isiyosifiwa kabisa. Kifaa kinaweza kufaulu vipimo vyote na kisitumike miaka 20 kwa sababu kitabu cha viwango hakijakitaja. Viwango vingi vinakuambia weka nini, vichache vinauliza kitu chako kinafanya kazi gani. ASTM C1157 ni mojawapo ya hivyo vichache, inaangalia utendaji. Ulaya mwaka 2021 walitoa kiwango cha saruji EN 197-5 chenye kundi la CEM II/C-M ambalo klinka inaweza kushuka mpaka asilimia 50, na nyuma ya ile karatasi kuna watu waliokaa vikao kwa miaka, wanabishana neno moja moja, bila jina lao kuandikwa popote. Mimi siku hizi nakaa kwenye kamati ya namna hiyo na kuna siku natoka nimechoka kuliko siku ya kumwaga zege.

Kwako mkuu, usibadilishe kimya kimya. Mwandikie msimamizi wa mradi mapema, ambatanisha matokeo ya mchanganyiko wa majaribio uliotengenezwa kwa mchanga na kokoto zako mwenyewe, omba nguvu ipimwe siku ya 56 kama ratiba inaruhusu, na uanze na sehemu isiyo na hatari kubwa, sakafu ya chini, njia za watembea kwa miguu. Tunza kyubu za kila siku. Na ulimwagilie siku 7 kamili angalau, hizi saruji zikikosa maji mwanzoni ngozi ya juu inabaki dhaifu na hapo hewa ya ukaa ndio inapata njia.

#12

Sasa hivi wewe mwenyewe unafanya nini huko maabara?

#13 (mleta uzi)

Nina kyubu kwenye tenki, udongo kutoka machimbo mawili tofauti, umechomwa kwa joto moja na muda mmoja. Siku ya 28 zilipishana kuliko nilivyotarajia, udongo wa pili ukabaki nyuma. Nasubiri siku ya 90, nitaleta mrejesho hapa hapa.

#14 (mleta uzi)

MREJESHO. Leo nimevunja za siku ya 90. Pengo limepungua lakini halijaisha, udongo wa pili bado uko nyuma. Nimepasua vipande nikapulizia, mpaka wa waridi uko karibu sawa kwa zote mbili, hilo limenipa furaha kwa kweli. Nikarudi kwenye viroba nikachekecha upya udongo wa pili nikakuta una chenga kubwa kuliko wa kwanza, kwa hiyo kabla sijaulaumu udongo lazima niusage ufanane na mwenzake. Dada wa kemia aliyeuliza pale #6 tumeshawasiliana, ameomba nimtumie sampuli aziangalie upande wake. Jumatatu nasaga, Jumatano najaza kyubu mpya, 18 kwa kila udongo.